Ngozi Chini ya Kucha za Mwalimu

Mama Vaileth anasema aliniona kwa macho yake. Anasema Jumapili ile, saa kumi na mbili asubuhi, alikuwa nje ya geti lake anamwaga maji ya ukoko, akaniona mie natoka kwa Mwalimu Felicitas nimejifunga khanga kiunoni, natembea upesi, nageuka nyuma kama mwizi wa kuku. Anasema alinisalimia sikuitikia. Anasema Mwalimu alipokutwa amekufa, mie ndiye niliyekuwa wa kwanza kudaka beseni, na mfuaji gani hukimbilia shuka lenye damu kama hana lake jambo.

Hayo ameyasema gengeni. Ameyasema saluni. Ameyasema kwa mjumbe mpaka chai ya mjumbe ikapoa mezani. Mwisho akayasema polisi, yakaandikwa, akatia saini.

Sasa na mie niseme.

Kwa anayeanza leo kusoma simulizi hii: naitwa Tusajigwe, nina miaka ishirini na nne, shule nimeishia darasa la saba, na kazi yangu ni kufua nguo za watu nyumba kwa nyumba hapa Kibamba. Mwalimu Felicitas alikuwa mjane, mwalimu mstaafu, Mhaya wa Muleba, akiishi peke yake nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nimemfulia miaka mitano. Wanawake wa Jumuiya ya kanisani walimkuta sakafuni kando ya kitanda, kichwa kimepasukia kwenye chuma cha cherehani, shuka limevutika chini naye. Wakubwa wa mtaa wakasema presha. Polisi wakaja, wakamchukua kwenda mochwari, na wao wakaondoka na neno hilohilo la presha.

Kesho yake daktari wa mochwari akagoma kutoa kibali cha mazishi. Macho ya Mwalimu yalikuwa na vidoa vyekundu ndani, na kimfupa cha kooni kimevunjika. Presha haimkabi mtu shingo.

Ndipo wakanikumbuka mie na beseni. Nikakamatwa, nikaachiwa kwa dhamana, niwe naripoti kituoni kila Jumatatu na Alhamisi mpaka majibu ya maabara yatoke. Yakinitoa, nimetoka. Yakinigeukia, nyumba yangu ni gereza la Segerea, na mtu wa kunitoa huko simwoni.

Hapo ndipo tulipokuwa.

Nianze na hilo beseni. Nani alinipa? Mama Vaileth mwenyewe. Beseni ni lake, la buluu, lina ufa ukingoni ulioyeyushwa kwa kisu cha moto.

"Tusa, wewe ndiye mwenye mikono," aliniambia, gari la polisi halijafika hata lami. "Ndugu zake wameshapanda basi kutoka Bukoba. Waje wakute damu? Watatuonaje sie?"

"Polisi hawatasema kitu?"

"Polisi si wameshambeba? Unataka shuka lisubiri nini, linuke?"

Na hivyo ndivyo tunavyofanya, kila msomaji wa hapa anajua. Msiba ukiingia, wanaume wanafunga turubai, wanawake wanatoa makochi nje, wanatandika mikeka, wanafagia, wanadeki, wanafua kila alichokuwa amelalia marehemu. Mfiwa akifika akute nyumba safi. Anayekaa pembeni anaonekana ana roho mbaya. Sikukaa pembeni. Nikapewa chumba.

Damu inafuliwa kwa maji baridi na chumvi. Ukimwagia ya moto inaiva, haitoki tena maisha. Nikaloweka. Maji ya kwanza yakatoka rangi ya juisi ya rozela, mpaka leo rozela siinywi. Nikamwaga. Maji ya pili nikaingiza mkono, kidole kikagusa kitu kama ini, kina unywele mweupe umeshika. Unywele wa Mwalimu. Ukajizungusha kwenye kidole changu cha pete ukakatalia pale.

Nikaenda mferejini nikatapika. Nikasukutua. Nikarudi nikaendelea kufua, maana wenzangu walikuwa wanasubiri beseni wakaoshee vyombo.

Ndiyo, walioshea vyombo. Na wali wa msiba tukala kwenye vyombo hivyo.

Nilipolianika, shuka lilikuwa kama limetoka dukani. Mama Vaileth akalishika pindo akaita wenzake waone. "Angalieni kazi ya mtoto huyu. Doa liko wapi?" Na mie mjinga nikafurahi. Nakiri mbele yenu. Mtu kafa, mie nimesimama kwenye kamba nasifiwa shuka, moyo unacheka.

Mama huyohuyo ndiye aliyekwenda kutoa maelezo polisi. Na alikwenda amevaa kitenge cha Mwalimu, kile cha maua ya njano, nilichokipiga pasi mwenyewe Ijumaa. Kwa alivyo mnene kilikuwa kinamwachia nyuma. Kageuka ananinyooshea kidole muuaji ni mie, na mkunjo wa pasi yangu bado uko kwenye paja lake.

Nilitaka kumtemea mate. Nikayameza, na yalikuwa machungu.

*

Afande Lusungu alikuja Jumanne, siku mbili baada ya kifo. Ni mwanamke mwembamba, hacheki, havai sare. Jina lake ni la kwetu Mbeya, lakini hakunionyesha undugu hata siku moja. Alikuja na wenzake wawili wenye glovu, wamevalisha viatu vyao mifuko ya plastiki.

"Wewe ndiye uliyesafisha?"

"Ndiyo, afande. Shikamoo."

"Marahaba. Nionyeshe ulianzia wapi, ukaishia wapi."

Nikamwonyesha. Nilideki mara nne, kuanzia kitandani kuja mlangoni, sakafu ikawa unaweza kulia ugali. Yeye akasikiliza tu, halafu wakaziba madirisha kwa mablanketi, saa saba mchana, jua kali nje. Ndani kukawa giza. Mmoja akachukua chupa kama ile ya kupulizia nywele saluni, akapuliza sakafu nzima.

Sakafu ikawaka.

Dawa ile ikigusa damu, hata iliyofutwa, inang'aa buluu, kama moto wa jiko la gesi. Na haikuwaka hovyo. Kila mkupuo wa tambara langu ulikuwepo, nusu duara, nusu duara, kutoka kitandani mpaka kizingitini. Mahali nilipopiga goti palikuwa na goti. Mahali niliposhika ukuta ninyanyuke palikuwa na kiganja, vidole vitano vimetanuka. Nilidhani nilikuwa nasafisha. Kumbe siku nzima nilikuwa nampaka Mwalimu chumba kizima.

"Simama hapohapo," akasema Afande Lusungu. Akainama akapuliza miguu yangu.

Kandambili zikawaka.

Nilikuwa nimezivaa siku mbili. Nimeingia nazo jikoni kwetu. Nimeingia nazo dukani, chooni, nimekwenda nazo mazoezi ya kwaya. Nikazivua kwa kuzirusha, nikasimama peku, halafu nikakumbuka nimesimama juu ya nini, nikakosa pa kuweka miguu.

"Jiki ulitumia?" akaniuliza gizani.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Shuka la rangi lile. Jiki inakula rangi. Damu ni maji baridi na chumvi."

"Na sakafuni?"

"Sabuni ya unga tu. Jiki iliisha wiki iliyopita, na yeye mwenyewe ilikuwa inamkohoza."

 Wakashusha mablanketi. Akanitazama kama fundi anavyotazama mtungi unaovuja, anatafuta upo wapi ufa.

"Anayeficha damu hukimbilia jiki," akasema. "Wewe umefua kama mtu anayefua."

"Kwa hiyo nimetoka, afande?"

"Hiyo ni ya kichwani kwangu. Hakimu hataki kichwa changu, anataka kitu anachoweza kushika."

Halafu akatuita wanawake wote wanne tulioingia chumbani siku ile. Akatoa vijiti vyenye pamba nchani, kila mmoja afungue mdomo asuguliwe shavuni kwa ndani. Mie nikafungua. Mama Vaileth akaweka kiganja mdomoni.

"Mate yangu mnampelekea mganga gani?"

"Yanakwenda maabara, mama. Tukikuta kitu kwenye mwili wa marehemu, tujue ni chenu nyie mliomgusa au cha mtu mwingine."

"Mie sijamgusa. Mie nimeona tu."

"Fungua mdomo, mama. Kwa kuongea umeufungua bure tangu juzi."

Wale wawili wa glovu wakacheka kwenye barakoa zao. Mama Vaileth akafungua, akasuguliwa, akatema mate mara tatu chini palepale kwa Mwalimu.

Kabla ya kuondoka nilimfuata afande getini. Nikamuuliza kama nimeharibu kila kitu.

"Karibu kila kitu. Shuka mmefua, sakafu mmedeki, komeo la mlango mmelishika watu ishirini. Ningepewa nyumba ile Jumapili asubuhi, ningekuambia hata aliyeingia alivaa kiatu namba ngapi." Akafungua mlango wa gari. "Lakini kucha zake hamkuzifua. Mochwari wamezikata kabla ya kumuosha. Mwalimu wako alimparura mtu."

*

Wiki tatu nikaripoti. Wiki tatu kaunta ya kituo inaniita Dobi la Marehemu. Kuna koplo mmoja kila nikifika ananusa hewa, anasema leo nani kafa, mbona nasikia harufu ya sabuni ya foma. Wateja wangu kumi na mmoja wakabaki wawili. Mmoja wa waliobaki, Mama Farhan, akaanza kunihesabia nguo zake mlangoni na kuzinusa nikizirudisha. Mwili wa Mwalimu bado uko kwenye jokofu, ndugu zake wamekaa turubaini wanapika na kula na kuulizana nyumba itakuwa ya nani. Vijana wa ukoo wameshaibandua runinga ukutani. Kila nilikogeuka watu walikuwa wananichefua, na mie nilikuwa mmoja wao.

Mama yangu tu ndiye alikuwa ananifungia maandazi kwenye mfuko kila siku ya kuripoti. "Kula njiani, usiende na njaa kwa watu wale."

Alhamisi iliyopita, saa sita mchana, Afande Lusungu akaniita ofisini kwake, si kaunta. Kuna meza, feni, faili la kijani.

"Kaa. Majibu yametoka."

Nikakaa. Mikono nikaiweka chini ya mapaja.

"Chini ya kucha za mkono wa kulia wa marehemu kuna ngozi na damu ya mwanaume. Si yako, si ya Mama Vaileth, si ya wale wengine wawili. Na daktari anasema kwa jinsi mwili ulivyokuwa umekakamaa alipopokelewa, Mwalimu alikufa usiku, masaa mengi kabla ya hiyo saa kumi na mbili ya jirani yako. Nimemuuliza tena Mama Vaileth. Amekumbuka kwamba siku ile hakuwa nje ya geti. Alikuwa kitandani."

"Kwa nini alisema, sasa?"

"Kitenge. Alidhani ukiulizwa nani amechukua vitu ndani, utamtaja. Akaona awahi yeye."

Kwa kitenge. Wiki tatu zangu, wateja wangu tisa, jina langu, kwa sababu ya doti moja isiyomtosha.

"Kwa hiyo nimetoka, afande?"

"Umetoka."

Nikasema asante. Nikasema asante mara nyingi, kama mtu anayekohoa. Nikanyanyuka.

"Kaa, Tusajigwe. Sijamaliza."

Akafungua faili. Hakunionyesha kitu, aliweka tu kiganja juu ya karatasi.

"Mate yako tuliyachukua ili tukutoe. Lakini maabara wakiweka sampuli mbili pamoja wanaona zaidi ya hiyo ni yake, hiyo si yake. Vinasaba ni kama nguo za ukoo mmoja, unaweza kuona zimekatwa kwenye jora moja. Mwenye ngozi hii na wewe mmekatwa jora moja. Baba mmoja, mama mmoja." "Una ndugu wa kiume wangapi?"

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la sita. Mama alizaa wawili. Mie, na kaka yangu Brightson.

Nikainamisha macho kwenye faili lake. Mbele ya mwanamke yule hilo lilitosha kuwa jibu.

*

Ndugu msomaji, wiki zote hizi nimekuwa nakusimulia nilivyoonewa. Na nimeonewa kweli. Ila kuna kitu nilikificha, na nilikificha hata kwa afande, na leo nikikinyamazia tena nitashindwa kujitazama kwenye maji ya beseni.

Ijumaa ile, siku mbili kabla, nilimpelekea Mwalimu nguo zilizopigwa pasi. Akanikalisha. Hakuwa mtu wa kukalisha watu.

"Tusa, kaka yako nimemwona mara ya tatu anamsubiri yule mtoto wa darasa la saba anayekuja kwangu tuisheni. Kwenye lile banda lisilokwisha, nyuma ya mashine ya kusaga. Leo nimemkalisha mtoto, ameniambia yote. Nimemfundisha Brightson darasa la nne, nimemshika mkono kuandika jina lake. Kwa hiyo namheshimu kwa kumwambia. Jumatatu asubuhi nakwenda polisi, dawati la watoto. Mwambie aanze kujiandaa."

Nikaenda nikamwambia. Nilimwambia mezani, yeye anakula, mama yuko nje anakusanya mkaa. Nilitaka aone aibu. Nilitaka ashindwe kumeza.

Alimeza. Akacheka. "Bibi yule anaota." Akachukua tonge lingine, akalichovya. "Kamwambia nani mwingine?"

"Hajamwambia mtu," nikasema.

Maneno mawili. Mpaka leo nayasikia yanavyotoka mdomoni kwangu, laini, ya dada anayetuliza nyumba. Kama ningesema kamwambia padre, kamwambia mjumbe, kamwambia nusu ya mtaa, Mwalimu angekuwa hai anasahihisha madaftari. Wengine walifua damu. Mie nilianza kabla haijamwagika.

Jumapili ileile saa tano asubuhi, watu wakiwa wanafunga turubai, Brightson alipanda lori kwenda Tunduma. Yeye ni utingo, kuondoka ghafla si ajabu. Alirudi Jumanne, siku mbili kabla ya majibu kutoka.

Na mie ninayejua mtaani nani anakohoa damu kwa kuangalia leso zake, ninayejua ndoa ya nani imekufa kwa kuhesabu mashuka, nilimfulia mashati yake ya safari na sikujiuliza kitu. Au nilijiuliza, nikafua.

*

"Kaka yako ni utingo wa malori ya mikoani," akasema Afande Lusungu. Alikuwa anajua tayari. "Nikiingiza gari letu kwenye mtaa wenu bila uhakika, litasikika tangu lami, atakuwa amedandia lori la Morogoro kabla sijafunga breki. Kwa hiyo nenda nyumbani. Ukimkuta, nitumie meseji neno moja tu. Yupo. Mie nitakuwa sheli ya mafuta ya barabarani, dakika nne kutoka kwenu."

"Na nisipotuma?"

"Sitakukamata kwa hilo. Nakuomba."

Polisi kuniomba. Nikatoka pale.

Saa tisa nikafika nyumbani. Mama alikuwa uani anamenya ndizi, sufuria liko motoni. Mlango wa chumba cha Brightson ulikuwa wazi nusu. Amelala chali, kifua wazi, mdomo wazi, anakoroma. Jasho limemtiririkia shingoni, likapita juu ya mistari mitatu iliyopauka, imekaa sawasawa kama imechorwa kwa rula. Kucha za Mwalimu. Alikuwa anazikata fupi kwa sababu ya chaki, na bado zilimfikia.

Inzi alikuwa anatembea kwenye mdomo wake. Nikamwangalia inzi yule akiingia na kutoka. Sikumfukuza.

"Wamesemaje?" mama akauliza.

"Wamenitoa."

Nilisubiri aseme asante Yesu. Kisu chake kikasimama kwenye ganda.

"Wamemtia nani ndani?"

Hivyo tu. Mwanangu umetoka, hakusema. Wamemtia nani ndani.

"Mama," nikasema. "Unajua."

Akarudi kumenya. Ganda refu, halikatiki. "Alirudi alfajiri shingo imechanwa, shati ameshalitupa. Akasema kapigana na utingo mwenzake. Nikampaka mafuta ya nazi. Kulipokucha, niliposikia kelele za kwa Mwalimu ndipo nikajua nilichokuwa napaka."

"Wiki tatu."

"Punguza sauti, amechoka na safari."

"Wiki tatu unanifungia maandazi niende nikatukanwe."

"Nilijua utatoka. Hukufanya kitu, ungekaaje ndani?"

"Na nisingetoka?"

Akatupa ndizi kwenye maji. Akatupa nyingine. Maji yalikuwa yameshaanza kuwa meusi kwa utomvu. Mikono yake ilinuka nazi, nyumba nzima ilinuka nazi, nikagundua tangu Jumanne mtu bado anampaka.

"Ni ngozi yake, mama. Ilikuwa chini ya kucha. Wameilinganisha na mate yangu. Ni mate yangu yaliyomtaja."

"Hayo ni makaratasi." Akafuta mikono kwenye khanga, akanisogelea, akanishika uso kwa mikono miwili kama nilipokuwa mdogo. "Gwe Tusa, nisikilize. Mtu akikiri mwenyewe, nani atabishana naye kwa makaratasi? Wewe ndiye uliyeonekana na shuka. Mtaa mzima umeshaamini. Sema ulikwenda kumdai hela ya kufua, mkajibizana, ukamsukuma akaangukia cherehani. Mwanamke wanamhurumia, miaka michache unarudi. Huna mtoto, huna mume, hakuna anayekutegemea. Yule wakimchukua ni kamba. Mie ni mjane, nitabaki na nani?"

"Kuna mtoto wa darasa la saba, mama."

"Mtoto atakua."

 Mikono yake bado ilikuwa mashavuni mwangu, laini, imelainika kwa mafuta yale.

Chumbani mkoromo ukakatika. Kitanda kikalia. "Ma," Brightson akaita, sauti ya usingizi. "Chakula bado? Nataka nitoke."

"Karibu kinaiva, baba," mama akajibu, macho yake hayajaniachia. Halafu polepole, karibu na sikio langu: "Sema utaniokolea mwanangu. Nijibu, Tusa. Sema ndiyo."

Simu ikatetemeka kiunoni kwangu, ndani ya fundo la khanga. Mara moja. Nikaitoa. Meseji ya Afande Lusungu, neno moja na alama ya kuuliza.

*Yupo?*

Mama akaisoma pamoja na mie. Hakuninyang'anya. Aliendelea tu kunishika uso, akisubiri.